Volti za Mzee Kaduma

1

Nilipofika kwa Mzee Kaduma, alikuwa katikati ya neno.

Binti yake, Jenita, aliweka kidole mdomoni, akanisogezea kigoda. Nikakaa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha mianzi, blanketi magotini, ukanda mweusi umemzunguka shingo. Mezani kompyuta yao ilikuwa inawaka taa ya kijani na kuzima, inawaka na kuzima, taratibu, kama mtu anayetafuna muwa bila haraka. Nje ukungu wa Juni ulikuwa umelala mpaka kizingitini. Nikaletewa chai. Nikainywa yote, na nilikuwa najiuliza kama ni adabu kuomba nyingine, ndipo kompyuta ikasema, kwa sauti nzito ya kiume:

"Mgeni."

"Ni Falesi, baba," Jenita akasema. "Yule fundi niliyekwambia."

Nikasimama, nikainama kidogo. "Kamwene, baba."

Koo la mzee likacheza chini ya ukanda. Kisha kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikagonga kiti, ta, mara moja. Taa ya kijani ikaanza tena kutafuna.

"Hapo ameshakujibu," Jenita akaniambia. "Akimaliza neno lake anagonga. Mashine ya kulifikisha ndiyo inayochelewa. Usingoje, salamu yako utaikuta siku ukirudi."

Alicheka, ila macho yake hayakucheka naye.

Nilikuwa nimeshaona Wasemaji wengi, hospitali na kanisani, lakini hakuna uliokaa na mtu mmoja muda mrefu kama huu. Kiharusi kilimchukua Mzee Kaduma ulimi miaka sita iliyopita. Ukanda unasoma jinsi koo lake linavyojaribu kusema, na Msemaji, programu iliyomo ndani ya kompyuta, unakisia neno. Miaka sita umemsikiliza huyo huyo mmoja. Umejifunza kikohozi chake na hasira zake. Hata sauti ni yake, waliitoa kwenye rekodi ya harusi. Na tangu ipite Sheria ya Kauli, analosema Msemaji ni neno la mwenyewe kabisa: linaandikwa, linawekewa dole gumba, limekwisha.

"Kwa nini unataka iharakishwe?" nikauliza.

Jenita akajifunga kitenge upya, kama mtu anayejiandaa kubeba. "Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Kaka yangu Aloisi anataka kumchukua baba, akakae naye Makambako. Kikao cha mwaka jana walimuuliza baba swali, wakachoka kungoja, wakahamia habari ya bomba la maji. Wamemaliza bomba, mwenyekiti anauliza, 'Tufunge kwa sala?' Baba ndipo anasema, 'Hapana.'"

Nikauma mdomo nisicheke.

"Cheka tu, kila mtu alicheka. Yeye alilia." Akamtazama baba yake. "Akisema anakwenda, aende. Akisema anabaki, abaki. Lakini aseme watu wakiwa bado wanamtazama usoni."

Taa ikatulia.

"Kamwene," kompyuta ikaniitikia.

2

Kompyuta ilikuwa ya nyumbani, ya kawaida. Ubongo wake ulikuwa mzuri tu. Kilichokuwa kinachelewa ni kumbukumbu, zile kadi mbili nyembamba zinazosimama kando ya ubongo, ambamo Msemaji unamwaga miaka sita yote kila unapotaka kupata neno moja.

Mimi kazi hii niliipata kwa kufagia. Nilipomaliza darasa la saba nilifagia karakana ya kompyuta ya fundi Tweve pale Njombe mjini, miaka minne, nikifagia polepole ili nione. Vijana walikuwa wanapanda na mashine zao kutoka nchi za joto, kila Juni, kuja kuzikimbiza kwenye baridi yetu. Siku moja nilimuuliza Tweve, kumbukumbu ni nini hasa? Akaniambia, "Ni ndoo ndogondogo, mabilioni, na zote zinavuja. Yenye maji ni moja, isiyo na maji ni sifuri. Mashine haifanyi lingine ila kuzunguka ikizijaza kabla hazijakauka. Kuiharakisha ni kumwambia mchota maji akimbie. Akikimbia anamwaga. Basi unaongeza volti, yaani unajaza ndoo zaidi, ili hata akimwaga, kibaki cha kujulisha kwamba humu mlikuwa na maji."

Nikamuuliza, na ukizidisha volti? Akasema, "Moto." Nikamuuliza, na moto unafanya nini? Akasema, "Fagia."

Jibu hilo nililitafuta mwenyewe baadaye: ndoo ikipata joto inavuja upesi zaidi. Kwa hiyo volti inakusaidia kwa mkono mmoja na kukunyang'anya kwa mkono wa pili, na kazi ya fundi ni kuitafuta ile sehemu katikati ambapo mikono yote miwili imetulia. Sijawahi kuchoka kuitafuta. Kila kadi ina sehemu yake. Mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazifanani tabia, kama mapacha.

Alhamisi alfajiri niliiweka mashine kibarazani, nikafungua ubavu wake, nikaunganisha simu yangu nisome volti na joto. Kadi zilikuwa kwenye volti moja nukta tatu tano. Nikapandisha mwendo, nikaongeza volti ya nukta sifuri moja tu, nikapima. Ikakosea. Nikaongeza tena. Ndivyo inavyokwenda, unakunywa uji, unangoja. Mzee tulimleta kibarazani amefungwa mablanketi mawili, ukanda shingoni, kwa sababu kipimo cha kweli kilikuwa ni yeye.

Kwenye moja nukta nne moja, mzee alikohoa, na Msemaji ukasema bila kusita, "Leo ni siku ya furaha kwetu sote, wapendwa wasikilizaji."

Jenita aliangusha ungo. "Hiyo si redio hiyo?"

"Ni redio," nikasema. Nilifurahi kuliko ilivyopasa, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu. Ndoo zikisema uongo, Msemaji haunyamazi. Penye tundu unaziba na chochote ulichowahi kusikia humu ndani: redio, kwaya, sauti za simu. Waliouunda waliona aibu ya ukimya. "Ukikosa, unapamba," nikamwambia. "Lazima nipande kidogo."

Moja nukta nne tatu ilitulia. Niliiacha inajipima tangu asubuhi mpaka jua linazama, saa kumi nzima, na haikukosea hata ndoo moja. Joto la kadi, nyuzi thelathini na nane. Jenita akamletea baba yake uji. Mzee akaonja. Koo likacheza, kidole kikagonga, ta, na kabla sijahesabu tatu:

"Mama, chumvi."

Jenita alisimama na kijiko hewani.

Ta. "Uji hauna chumvi." Ta. "Tangu Jumatatu."

"Miaka sita!" Jenita akapiga kelele, anacheka na kulia. "Miaka sita namngojea huyu mtu, jambo la kwanza ananitukana uji!"

Wakati nafunga vifaa nilimuuliza kwa nini baba yake anamwita mama.

"Nina jina la bibi, mama yake mzazi. Atalitamkaje? Hajawahi. Wala baba mdogo, wala yeyote wa rika lao. Kwao mimi ni mama tu, tangu nazaliwa." Akafuta macho kwa kitenge. "Ndiyo maana nadaiwa chumvi kama mama."

3

Jumamosi walikuja watu kumi na watatu. Asubuhi hiyo nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, kwa hiyo walifanya kama nyumba yoyote ya Njombe inavyofanya mwezi wa sita: mlango ukafungwa, dirisha likafungwa, jiko la mkaa likawekwa katikati ya chumba. Mimi nilikaa karibu na mlango, maana nilikuwa fundi tu.

Aloisi alikuwa mtu mrefu mwenye koti zuri na sauti ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Aliingia akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika miguu kuona kama ina baridi. Kisha akaitazama kompyuta iliyokuwa mezani kando ya dirisha.

"Sauti ya baba itakaaje mbali na baba?" akasema. Akainyanyua mwenyewe, akaiweka kwenye kigoda, kati ya kiti cha mzee na jiko. Watu wakaitikia kwamba ni heshima. Na mimi niliona ni heshima. Nakiri hapa kwamba nilitabasamu.

Baba mdogo Lauteri, mdogo wake mzee na mwenyekiti wa kikao, akafungua mkutano. Ta. "Mmechelewa," Msemaji ukasema. Kicheko. Ta. "Nani huyo kaingia na viatu?" Kicheko zaidi, na mjomba mmoja akatoka kuvua. Kila mtu alikuwa amegeuka, anamtazama mzee usoni, kama Jenita alivyotaka. Wakazungumza. Aloisi akaeleza: nyumba yake haina ngazi, hospitali iko karibu, na dada yake amebeba mzigo huu peke yake muda mrefu. Alisema kweli tupu. Chumba kikapata joto, watu wakafungua vifungo vya makoti.

"Kaka," baba mdogo Lauteri akasema, "umewasikia. Neno ni lako."

Koo la mzee likacheza. Na Msemaji ukazungumza.

"Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuitikia wito. Jenita mwanangu, nakushukuru kwa miaka yote hii sita. Umenilisha, umenibeba, hukulalamika. Mungu akulipe. Sasa pumzika, mwanangu. Mimi nitakwenda na Aloisi."

Halafu shangazi mmoja akapiga vigelegele, na chumba chote kikapasuka kwa makofi. Jenita alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanashuka, yanashuka, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Katibu akawa anaandika mbio. Aloisi alikuwa analia waziwazi.

Mimi nilikuwa natazama kidole gumba.

Hakikugonga. Maneno yote yale mazuri, na hakikugonga hata mara moja. Mkono wa mzee ulikuwa unapapasa blanketi, unalisukuma, unalisukuma. Nikatoa simu yangu. Joto la kadi: nyuzi sabini na nne.

Niliipima kwenye baridi ya kibarazani. Saa kumi nzima, ubavu wake wazi, ukungu unaingia mpaka ndani ya mashine. Halafu nikaacha iletwe kwenye chumba cha watu kumi na sita na jiko la mkaa. Mzaliwa wa hapa mimi, baridi nimeizoea kiasi kwamba niliisahau kuihesabu. Ndoo zilikuwa zinavuja zote, na Msemaji unapamba.

Katibu alikuwa ameshatoa kidau cha wino.

Ningeweza kukaa kimya. Naandika hivi nilivyofikiri, sifichi. Nilifikiri: huenda ndilo neno lake kweli, limepambwa tu. Nilifikiri: Makambako ni pazuri. Zaidi ya yote nilimtazama Jenita, nikaona kwamba nikifungua mdomo nitampokonya ile asante, na sina nyingine ya kumpa. Uongo ule ulikuwa unamfanyia mtu mema mbele ya macho yangu. Nilijiuliza ukweli ungemfanyia nini.

Katibu akamshika mzee kidole, kile kile cha kugongea, akakisogeza kwenye wino. Kidole kikavutwa nyuma.

"Samahani wazee wangu," nikasema. "Maneno hayo si ya mzee."

Aloisi akageuka taratibu. "Unasemaje, binti?"

"Mashine imepata moto. Ikipata moto inatunga. Kosa ni langu, niliipima penye baridi."

"Wewe umesomea wapi mambo haya?"

"Sijasomea, kaka. Darasa la saba."

Mtu akaguna. Mjomba asiye na viatu akasema, "Sasa la saba linataka kutufundisha maneno ya Kaduma?" Wengine wakacheka. Aloisi hakucheka. Akasema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kicheko, "Binti, baba yangu amemshukuru dada yangu. Umeona alivyolia. Unataka tumwambie nini?"

Nikamtazama Jenita.

Alikuwa ameshusha mikono usoni. "Falesi anasema kweli," akasema. "Mimi nilijua."

"Ulijuaje, dada?"

"Ameniita Jenita."

Baba mdogo Lauteri alishika kichwa. Wazee wengine walianza kutazamana, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoamka kanisani.

"Nimekaa hapa," baba mdogo Lauteri akasema, "nimesikia jina la mama yangu linatajwa kwa kinywa cha kaka yangu. Nikapiga makofi." Akatikisa kichwa. "Na kushukuru! Lini? Nilimpa mbuzi mwaka ule wa njaa, akaniuliza kwa nini anachechemea."

"Mbona hukusema, dada?" Aloisi akauliza.

Jenita alitazama sakafu. "Nilitaka niisikie asante hiyo mpaka mwisho," akasema.

4

Jiko likatolewa. Mlango na dirisha vikafunguliwa, ukungu ukaingia kama mgeni aliyekuwa anangoja kukaribishwa, na watu wakafunga tena vifungo vyao wakinung'unika. Nilipiga magoti mbele ya kompyuta na simu yangu.

"Si ikipoa tu unairudishia mwendo?" Aloisi akauliza. Sasa alikuwa amechuchumaa karibu nami, anatazama namba kama mwanafunzi.

"Naweza. Kwa baridi hii huenda ikashika."

"Huenda?"

"Huenda. Lakini ikiteleza, haitawaambia. Leo imeteleza kwenye jina. Ikiteleza pengine, nani atajua?"

Akafikiri. Mimi pia. Mkono wangu ulikuwa juu ya namba, na nakiri ulikuwa unawasha kujaribu: moja nukta nne nne, labda, na dirisha wazi. Kulikuwa na sehemu iliyotulia mahali fulani pale, niliihisi. Lakini haikuwa kadi yangu, wala koo langu.

"Baba mdogo," nikauliza, "mtangoja?"

Lauteri alimtazama kaka yake muda mrefu. "Rudisha ilivyokuwa," akasema. "Na anayetaja bomba la maji nitamtoa nje."

Nikashusha mwendo. Nikashusha volti, moja nukta nne tatu, nne mbili, nne moja, mpaka tatu tano. Taa ya kijani ikaanza kutafuna ule mtafuno wake wa zamani.

Mzee akagonga. Ta. Tukangoja. Shangazi alichemsha chai jikoni, ikaja, ikanywewa. Mtoto mgongoni kwa mtu akalala. Hatimaye:

"Joto."

Chumba kizima kikacheka, na mzee mwenyewe upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Kumbe ndicho alichokuwa anajaribu kutuambia muda wote, huku tunampigia makofi.

"Tumefungua, kaka," Lauteri akasema. "Sasa nakuuliza tena. Unakwenda Makambako, au unabaki?"

Koo lilicheza. Ta. Likacheza tena. Ta. Maneno mawili, basi. Tulikaa. Nilihesabu pumzi zangu zinazotoka nyeupe, nikapoteza hesabu. Sijawahi kuona watu kumi na wanne wakimtazama mtu mmoja usoni kwa muda mrefu hivyo, na usiwe msiba.

"Mama," Msemaji ukasema.

Jenita akainuka nusu. "Abee, baba? Unataka nini?"

Taa ilikuwa bado inatafuna. Lauteri akamwonyesha kwa mkono akae. Tukangoja tena, mpaka chai iliyobaki vikombeni ikapoa kabisa.

"Aseme."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha nyuso zikaanza kugeuka kutoka kwa mzee, moja moja, kumwelekea Jenita. Miaka sita ya vikao, na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Alifungua mdomo, akaufunga. Akaviringisha ncha ya kitenge kidoleni, akaviringua. Alikuwa hana ukanda shingoni, hana taa ya kuonyesha kwamba neno liko njiani, ila ungeweza kuliona linavyopanda.

"Nimechoka," akasema.

Aloisi akasimama haraka, macho yake yamejaa huruma. "Basi, dada. Basi. Nitamchu—"

"Kaa chini," baba mdogo Lauteri akamwambia. "Hajamaliza."

Aloisi akakaa. Katibu akaweka kalamu juu ya daftari. Mkono wa Jenita ulikuwa juu ya goti lake, kidole gumba kimeinuka, hakijashuka. Tukangoja.